Mafundo Manne ya Asubuhi Moja

Juma lililopita mjukuu wangu Neema alifunua beseni langu la mihogo niliyoiloweka, akachukua mmoja, akauliza kama anaweza kuumenya. Nilimuuliza kama umenuka. Akasema bado. Nikamwambia arudishe.

"Koko, siku mbili zinatosha. Leo watu wote wanafanya hivyo."

Nikamwambia arudishe, na kwamba sitasema mara ya tatu.

Alikuwa na haraka kwa sababu ya karatasi zake za shule kubwa, ile kazi ya kumaliza masomo wanayoiita TFC. Meza yangu ya kulia ameijaza karatasi, mimi ninakulia mapajani. Mwalimu wake amemrudishia kazi mara mbili, na yeye anasema mwalimu anamchukia. Nilimwambia anisomee. Anataka kujua kwa nini wanawake wa Mikelenge wanaacha mashamba. Nilisikiliza. Mwisho ulikuwa umekwisha kuandikwa, mzuri, na maneno makubwa. Katikati hapakuwa na kitu. Nilimuuliza ni nani waliomwambia hayo. Akataja wanawake wanne, wote walioacha. Nikamuuliza wale ambao hawakuacha wanasemaje. Akaniangalia kama nimeuliza mbuzi wanasemaje.

Mimi nilisoma miaka miwili tu kwa masista. Ninasoma polepole na ninaandika barua, basi. Lakini karatasi ya namna ile, ya kuuliza jambo mpaka kwenye mzizi wake na kuliandika, niliiona ikitengenezwa mbele ya macho yangu nilipokuwa mtoto, wakati wa Wabelgiji, na jina langu limo ndani yake. Wenzangu wa umri wangu watakumbuka kijito, na pamba, na honi ya bato, ile meli ya mtoni. Hili lingine hawalijui, kwa sababu sikulisema.

Sisi tulikaa Kindu, karibu na kambi la reli. Nyumbani tulikuwa Koko, yaani mama wa baba yangu, na mama yangu, na mimi. Baba hakuwepo. Asubuhi moja pulushi, askari wa serikali, alisimama njiani na karatasi, akaita majina ya wanaume, na jina la baba lilikuwamo. Walikwenda kutengeneza barabara ya Punia. Baadaye ikaja habari kwamba mti ulimwangukia. Kwangu mimi mti haukuwa na neno. Karatasi njo ilimchukua, karatasi ndiyo, si mti. Jina likiandikwa, siku moja linaitwa, na mwenye jina anakwenda Punia. Punia sikuijua. Nilijua msitu tu, mweusi, usio na mlango wa kutokea.

Ndugu mdogo wa baba, Feruzi, alikuwa msaidizi wa daktari Mzungu. Alivaa kapitula nyeupe iliyopigwa pasi, na alikuwa mtu wa kuuliza sana. Ukimwambia kuku amekufa, atauliza alikula nini, ametaga lini, nani alimwona wa mwisho. Koko alikuwa anamwambia, "Wewe nilikuzaa, ao ulinitokea kwa kuulizauliza?"

Koko aliuza unga wa muhogo kwa wanawake wa kambi. Muhogo wetu ni ule mchungu, na mchungu bila maji ni sumu, kila mtu anajua. Pale kijitoni kila nyumba ilikuwa na shimo lake, kina cha goti, limezungushiwa mawe, na kigingi pembeni. Kwenye kigingi tulifunga uzi wa rafia, ncha yake inaning'inia majini. Mihogo ikilala usiku mmoja, asubuhi unafunga fundo moja. Ikilala tena, fundo lingine. Kiangazi maji ni baridi, kwa hiyo tulingoja mafundo manne. Yakitimia, mihogo inatolewa, inamenywa, inaanikwa, inatwangwa. Na uzi hautupwi. Unafungwa kwenye mkono wa kikapu cha unga ule ule, ili mnunuzi ahesabu mwenyewe. Mwanamke wa kambi alikuwa hashiki unga kabla ya kushika uzi. Nyumbani kwetu, kufunga mafundo ilikuwa kazi yangu.

Kiangazi kile wanawake walilazimishwa kuvuna pamba. Koko aliweka mihogo majini alfajiri, asubuhi hiyo hiyo akaondoka kwenda shamba la pamba, ambako walilala kwenye vibanda kwa siku nane. Mama alikwenda na kurudi kila siku, kwa sababu yangu. Na siku ile ile bato lilifika. Ninyi mnaokumbuka, mnajua. Honi ilisikika kutoka mbali, upande wa Lokandu, na watoto wote walikimbia kwenda kuangalia wanaume wakiteremsha magunia, na wanawake wa ndani ya bato wakiuza samaki wa kukaushwa na sabuni. Kijito kilikuwa upande mmoja, bandari upande mwingine kabisa.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kijitoni mbio. Nikafunga fundo la usiku ule. Kisha nikafikiri kama mtoto anavyofikiri. Mafundo yanayotakiwa ni manne. Nikiyafunga yote sasa, sitarudi tena huku, na bato bado liko. Nikafunga mengine matatu, nikayakaza vizuri kwa meno, nikakimbilia bandarini. Niliona nimemaliza kazi ya siku nne kwa asubuhi moja. Nilijisifu njia nzima.

Siku iliyofuata bato likaondoka. Jioni hiyo mama alipita kijitoni akitoka pambani, mgongo unamuuma. Alikuta mwanamke jirani, Mama Vumilia, amesimama na mzigo wa mihogo kichwani, shimo lake limebomoka, anatafuta mahali pa kuweka. Mama akaangalia uzi wetu. Mafundo manne. Akabonyeza mihogo miwili ya juu, ile midogo, ikabonyea. Akatoa yote, akamwachia mwenzake shimo.

Haya yote niliyajua vipande vipande, baadaye. Wakati ule nilijua bato tu.

Koko aliporudi alikuta vikapu viwili vya unga. Kimoja cha mihogo ya zamani, kimoja cha hiyo mipya. Kila kikapu na uzi wake, mafundo manne na mafundo manne. Akauza vyote asubuhi moja. Jioni yake, katika kambi, watu wa nyumba tatu walianza kutapika na kushika vichwa. Waliobebwa kwenda kwa daktari walipona. Mke wa Asumani, fundi wa reli, aliitwa Zaina, alikuwa na mimba na hakuwa na nguvu. Yeye alikufa kabla ya kufika.

Sasa, siku chache kabla Koko hajakwenda pambani, mbuzi wa Asumani alikuwa amekula mihogo ya Koko kwenye chanja. Koko na Asumani walitukanana njiani watu wakisikia. Asumani alisema maneno juu ya mama wa Koko ambayo sitayaandika. Koko alimjibu kwamba yeye na nyumba yake watayaona. Alisema kwa hasira, kama mtu anavyosema. Lakini mke akafa, na kambi nzima ikakumbuka neno lile. Wakasema mzee ametia kitu katika unga. Wanawake waliokuwa wanamwita mama wakawa wanavuka njia wakimwona. Asumani mwenyewe alikwenda kwa chefu, na chefu akasema baraza litakaa baada ya juma moja. Ikionekana ni kweli, Bwana Mkubwa wa teritware, Mzungu aliyetawala wilaya, atamhamisha Koko, asirudi tena Kindu. Nani alitaja Punia sijui, lakini niliisikia.

Daktari alitaka maandishi kabla ya baraza. Alimwita baba mudogo Feruzi, akampa karatasi nne kubwa, za kizungu, nene. Feruzi akamwambia kwamba huyu mwanamke ni mama yake mzazi. Daktari alikuwa hajui. Akafikiri, kisha akasema hana mwingine anayejua kuandika na ambaye watu wa kambi watamfungulia mlango. Basi aandike, lakini aseme hilo la mama yake mahali pa kwanza kabisa.

Alianza na kaye ya shule, daftari la bei ndogo. Juu ya ukurasa wa kwanza hakuandika swali la kambi. Kambi iliuliza nani amewaua watu. Yeye aliandika: Ni chakula gani kilichoumiza watu, na kilitofautiana wapi na kile ambacho hakikuumiza? Alinisomea, kwa sababu alikuwa na desturi ya kusoma kwa sauti. Chini yake akapiga mstari kutoka juu mpaka chini, ukurasa ukawa na pande mbili. Upande wa kushoto, Nilichoambiwa. Upande wa kulia, Nilichoona.

Alinichukua mimi nimbebee chupa ya wino. Alisema mwanaume akibisha mchana kwenye nyumba ya mwenzake wanauliza anatafuta nini, lakini akiwa na mtoto wanamletea kiti. Nilibeba ile chupa kama mtu anayebeba nyoka. Kila jina alilouliza aliliandika, na mimi niliwaangalia wale watu nikiwasikitikia. Hawakujua kwamba wameandikwa.

Nyumba za wagonjwa tulizimaliza kwa siku moja. Walikula nini, saa ngapi, pamoja na nini, nani alikula zaidi, unga uliobaki uko wapi. Nilifikiri tumemaliza. Siku ya pili akaanza nyumba ambazo hazikuumwa. Watu walimcheka. Mama mmoja alimwambia, "Sisi tuko wazima, Muganga. Unataka tulale chini ndiyo ufurahi?" Alicheka naye, akakaa, akamuuliza kama alinunua unga kwa Koko siku ile. Alinunua. Katika kikapu kipi? Kile cha kushoto, kilichokuwa karibu na mlango. Nyumba ya pili vilevile. Ya tatu vilevile. Wagonjwa wote walichotewa kutoka kikapu cha kulia. Na kila mmoja alisema alichagua mwenyewe mahali pa kuchota, Koko alishika kibaba tu.

Njiani akasema, akijisemea zaidi kuliko kuniambia, kwamba kama mama yake alitaka kumuumiza Asumani, angewezaje kujua mke wa Asumani atachagua kikapu gani. Halafu akasimama. Akasema hilo linaonyesha hakukusudia. Halionyeshi unga ulikuwa na nini.

Tulirudi nyumbani akashika ule uzi wa kikapu cha kulia. Akahesabu. Akaniita.

"Wewe njo ulifunga?"

"Ndiyo, baba mudogo."

"Mane?"

"Mane."

Akaandika, upande wa kulia, Nilichoona: mafundo manne, usiku nne. Sikusema uongo. Yalikuwa manne. Nilijiambia hivyo siku ile na siku zilizofuata. Lakini niliangalia kalamu ilipokuwa inatembea, nikajua kwamba sasa mimi nami nimo, na kwamba kama atauliza zaidi, mimi na Koko tutaitwa asubuhi moja. Nikafunga mdomo. Wengine watasema nilikuwa ninaficha kosa. Kosa bado sikulijua. Nilikuwa ninakimbia karatasi.

Aliandika karatasi tatu safi, kwa Kifaransa, mkono wake ule wa kulala upande. Ilimchukua mchana mzima na kesho yake. Akamaliza, akakaa uani, akawaeleza Koko na mama yangu mwisho wake unasema nini. Unasema kikapu kimoja kiliumiza na kingine hakikuumiza. Unasema mihogo ya vikapu vyote viwili ililala majini sawasawa, usiku nne. Unasema sababu haijulikani.

Koko alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo. Hakuinua kichwa.

"Haijulikani," akasema. "Siku zote hizi umetembea, hiyo njo umeniletea?"

"Mama, siwezi kuandika nisichokijua."

"Sikusema uandike. Nasema uelewe. Ukisimama mbele ya chefu useme kikapu kimoja kiliua na sababu hujui, wao sababu wanajua tayari. Hiyo sijui yako, mwanangu, njo itanifungia mzigo."

Mama yangu alianza kulia, na Koko akamwambia akalilie ndani, sombe haihitaji chumvi zaidi. Feruzi alikunja zile karatasi tatu, akaziweka ndani ya kaye.

Nikamwona Koko akisimama, akaingia ndani, akatoka na kitenge chake kizuri, akakikung'uta, akakianika kwenye kamba. Kitenge cha safari. Nilielewa. Alikuwa anajitayarisha kwa Punia. Na mimi nilikuwa bado ninatafuta namna ya kumzuia asiende, ndipo nikakumbuka neno alilolisema Feruzi, kwamba ililala sawasawa. Usiku nne. Nikahesabu kwa vidole, polepole, kama ninavyosoma hata leo. Bato lilifika. Bato likalala. Nikafunga. Bato likalala tena. Bato likaondoka, na mihogo jioni ile ilikuwa tayari uani kwetu, kwa sababu niliporudi kutoka bandarini nilimkuta mama anaimenya. Vidole viwili vilibaki vimesimama, havina usiku.

Nilimwendea Feruzi alipokuwa anafunga baiskeli. Nilimwambia nilifunga yote asubuhi moja, ili niende kuangalia bato.

Mkono wake ulikuwa kwenye kiti cha baiskeli. Nilingoja kofi, na ningelipokea vizuri. Kofi najua linaishia wapi.

"Hiyo ulifanya, ao umeitunga kwa kumponyesha koko yako?"

"Nilifanya."

"Nitajuaje?"

Nililia, naye akasema kilio hakiandikwi. Aliingia ndani, akatoka na uzi wa kikapu cha kushoto na uzi wa kikapu cha kulia, akazilaza pamoja juu ya kaye, mahali pa jua. Akaniita niangalie. Uzi wa kushoto, fundo la kwanza lilikuwa jeusi kwa tope, la pili la kahawia, la tatu limepauka, la nne jeupe karibu kama uzi mpya. Kila moja lilikuwa limekaa majini siku zake. Uzi wa kulia, mafundo yote manne yalikuwa na rangi moja, na kila moja lilikuwa na alama ya meno yangu.

Aliziangalia, akacheka kidogo, cheko lisilo na furaha. Akasema, "Niliandika nimeona usiku nne. Usiku sikuona. Niliona mafundo." Akachukua kalamu, akalikata lile neno la usiku nne upande wa kulia, akaliandika upya upande wa kushoto.

Nilifikiri imetosha. Haikutosha. Akasema uzi peke yake unaweza kupingwa, na mimi ni mjukuu. Akaenda kumuuliza Koko aliweka mihogo siku gani. Koko akasema siku ya honi ya kufika, alikuwa bado ana maji miguuni alipoisikia. Akamuuliza mama aliitoa siku gani. Mama alifikiri, akashika mdomo, akakaa chini pale pale. Kisha tukaenda kwa Mama Vumilia, ambaye hakuwa ndugu yetu na hakutupenda sana. Feruzi hakumwambia anatafuta nini. Alimuuliza tu alipewa shimo letu lini. Mama Vumilia akasema jioni ya siku bato limeondoka, anakumbuka kwa sababu mtoto wake alipanda nalo kwenda Ponthierville, naye alikuwa na machozi na mzigo kichwani, na mama yangu alimhurumia. Akauliza, "Kuna nini? Mutaniandika na mimi?" Feruzi akasema ndiyo, kwa ruhusa yake. Akasema, "Basi andika vizuri, mimi si mwongo kama hao wa kambi."

Karatasi nzuri ilikuwa imebaki moja. Hakwenda kumwomba daktari nyingine. Zile tatu alizipasua, mbele yangu, na mimi niliona kitu kinapasuka ndani ya uso wake pia, maana mkono ule ulikuwa umeandika vizuri. Kisha akaandika yote upya juu ya ile moja, mbele na nyuma. Alisema Kifaransa cha kupendeza kimekwenda na zile tatu. Akaweka kwanza kwamba yeye ni mtoto wa mwanamke huyu. Akaweka swali. Akaweka nani alisema nini, na jina la kila mmoja. Lilipofika langu nilimshika mkono. Nilimwomba aandike mtoto mmoja, ao asiandike kabisa.

Aliuliza kwa nini. Nikamwambia ya baba, na pulushi, na Punia. Aliweka kalamu chini. Nilifikiri atanicheka, na hakunicheka. Alisema karatasi ile ya baba ilikuwa ya kuita watu, hii ni ya kujibu watu. Alisema akiandika mtoto mmoja, watasema amejitungia mtoto. "Nisipoandika jina lako, koko yako anakwenda. Nikiliandika, sijui watakufanya nini, lakini nitakuwa nimesimama pale." Hakuniahidi zaidi. Nikauachia mkono wake. Akaandika.

Mwishoni aliweka mstari mmoja kwamba wanawake wa pamba hawana siku za kungojea mihogo, na kwamba hatari hii itarudi kila mavuno. Bwana Mkubwa aliukata kwa kalamu nyekundu kabla ya baraza. Feruzi hakuusoma mbele ya watu. Koko alimuuliza baadaye uko wapi, akasema ulikatwa. Koko akasema alijua utakatwa. Kwenye kaye umebaki.

Katika baraza alisoma kwa Kiswahili, polepole. Ziliinuliwa nyuzi mbili, zikapita mkono kwa mkono. Wanawake wa kambi walizishika, wakazigeuza, na nadhani ni wao waliomaliza kesi, maana walijua rangi ya fundo kuliko chefu. Koko hakuhamishwa. Jina langu lilisomwa kwa sauti. Nilikuwa nimevaa gauni zangu zote mbili, moja juu ya nyingine, kwa ajili ya safari. Hakuna aliyekuja kunishika. Nilizivaa siku tatu zaidi, nikingoja kuitwa.

Siku ya nne, mchana, Asumani alikuja nyumbani. Mama alitaka kufunga mlango, Koko akasema aachwe aingie. Hakukaa. Alimwomba Feruzi amsomee tena, kwa sababu siku ya baraza masikio yake hayakushika. Feruzi akasoma kaye, taratibu, kushoto na kulia. Asumani alimsimamisha mahali pamoja tu, pale penye kikapu na wanunuzi waliojichagulia. Akaomba hapo parudiwe. Kisha akasema, akiangalia chini:

"Kwa hiyo haikuwa yale maneno yangu. Juu ya mama yake."

"Hapana," Feruzi akasema. "Yalikuwa maji. Usiku mbili badala ya nne."

Yule mwanaume aliinama, akashika magoti, kama mtu aliyeshusha gunia. Ndipo nikaelewa kwamba siku zile zote, kelele zote alizompigia Koko, alikuwa anaamini ni yeye aliyemuua mke wake kwa mdomo wake. Aliponyooka aliniangalia. Akauliza kama mtoto mwenyewe ni huyu. Koko akasema ni huyu. Akaniangalia tena, akaenda zake.

Alichokishusha, nilikibeba mimi. Sisemi hivyo ili mtu anihurumie. Zaina alikuwa na miaka kama ishirini, alikuwa akinipa maji nikipita. Nilikuwa mtoto, ndiyo. Mama naye alibonyeza ya juu tu, ndiyo. Pamba, ndiyo. Yote yamo kwenye karatasi, na kila moja mahali pake, na mimi mahali pangu. Nimeishi nalo vizuri kuliko ambavyo ningeishi na ile sijui, maana ile ingekuwa kubwa kama msitu, na hii ina ukubwa wake unaojulikana. Koko hakuuza unga tena. Mafundo alinirudishia mwaka uliofuata, na kila asubuhi alikuja nyuma yangu kuangalia.

Haya nilimweleza Neema, juma lile, huku mihogo iko kwenye beseni. Hakuandika kitu. Aliuliza, "Koko, kwa hiyo wewe njo…" Nikamwambia ndiyo. Akakusanya zile karatasi zake zenye mwisho mzuri, akaniachia meza. Kesho yake alikwenda Mikelenge na kaye mpya, kutafuta wanawake ambao bado wanalima. Alirudi na miguu ya vumbi na hasira, anasema walimweleza mambo ambayo hayaingii kabisa katika kazi yake. Nikamwambia apige mstari katikati ya ukurasa.

Siku ya nne asubuhi aliniita kutoka uani. "Koko, imenuka."

Nilisikia kutoka kitandani kwamba imenuka. Nikamwambia abonyeze mmoja mmoja, na aanzie chini.